Muuza Hariri Aliyesoma Nuru ya Nyota

Kila mwaka ninapoanza kuwafundisha wanafunzi wapya somo la fonetiki, huwaingiza maabarani ili waone picha ya sauti. Mmoja hutamka irabu a, wa pili i, wa tatu u, na mtambo huichora kila irabu kwa milia yake yenyewe. Baada ya mazoezi ya siku chache, mwanafunzi aliyepewa picha tupu, bila sauti, huweza kuitaja irabu iliyotamkwa hata kama hakumwona wala hakumsikia msemaji. Wengi wao hustaajabu. Nami huwaambia kwamba katika kazi hii ya kuichambua ishara, kisha kuilinganisha na ishara nyingine zinazojulikana, wachunguzi wa nuru walitutangulia sisi wanaisimu kwa miaka mingi. Miongoni mwa wachunguzi hao alikuwako muuza hariri wa jijini London, William Huggins.

Nimeonelea leo niyasimulie maisha ya Huggins kwa ajili ya walimu na wanafunzi wanaousoma ukurasa huu. Si kwamba nimechoshwa na ngeli na viambishi. Nafanya hivyo kwa sababu maisha yake yanalijibu swali ambalo kila mwanafunzi mdadisi hana budi kuliuliza: mwanadamu amejuaje kilichomo katika nyota asizoweza kuzifikia? Aidha, jibu lenyewe linatuhusu sisi hapa nchini kuliko tunavyodhani, kwa maana linaanzia katika chumba ambacho shule zetu nyingi zimezoea kukitia kufuli, yaani maabara.

Huggins alizaliwa London tarehe 7 Februari mwaka wa 1824. Babake alikuwa na duka la hariri na vitambaa vya kitani katikati ya jiji. Kijana huyu aliipenda sayansi tangu utotoni. Alisoma shuleni kwa muda mfupi, kisha akafundishwa na walimu waliomjia nyumbani. Ilitazamiwa kwamba angejiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, lakini afya ya babake ilidhoofika, ikambidi mwana alishike duka. Hivyo ndivyo alivyokikosa chuo kikuu. Hata hivyo, hakuiacha elimu. Saa alizozipata baada ya biashara alizitumia kwa vitabu, hadubini na darubini.

Mnamo mwaka wa 1854 aliliuza duka, akahamia Tulse Hill, kusini mwa London, pamoja na wazazi wake. Huko alijenga kituo chake mwenyewe cha kutazamia nyota, na baada ya miaka michache akakitia lenzi ya upana wa inchi 8 iliyotengenezwa na fundi mashuhuri wa Marekani, Alvan Clark. Kwa muda alifanya kama walivyofanya watazamaji wengine wa siku zile. Aliichora sura ya Mirihi, Mshtarii na Zohali, na kupima nafasi za nyota. Kazi hiyo ilikuwa na manufaa, lakini haikumridhisha. Alitaka jambo jipya na hakujua alitafute wapi.

Ni vyema hapa tukumbuke hali ya elimu ilivyokuwa. Mwaka wa 1835 mwanafalsafa Mfaransa, Auguste Comte, alikuwa amefundisha kwamba mwanadamu anaweza kupima umbali na mwendo wa nyota, lakini kamwe hataweza kujua zimeumbwa kwa kemikali gani. Hoja yake ilikuwa na mashiko. Nani angekwenda kuchota kipande cha nyota akakileta maabarani? Kumbe ufunguo ulikuwa umekwisha kupatikana. Mnamo mwaka wa 1814 fundi wa vioo wa Ujerumani, Joseph von Fraunhofer, aliipitisha nuru ya jua katika mche wa kioo akaona kwamba upinde wa rangi uliotokea umekatwa na mamia ya mistari myeusi. Hakujua maana ya mistari hiyo. Alichofanya ni kuichora kwa makini na kuipa ile iliyo mikubwa majina ya herufi.

Maana yake ilifumbuliwa mjini Heidelberg kati ya mwaka wa 1859 na 1860 na wasomi wawili, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen. Waligundua kwamba kila elementi ikipashwa moto hadi ikawa mvuke ung'aao, hutoa mistari ya rangi isiyofanana na ya elementi nyingine yoyote. Tia chembe ya chumvi katika moto, utaona rangi ya manjano ya sodiamu. Mistari miwili ya manjano hiyo huangukia mahali pale pale palipo na mistari miwili myeusi ya jua. Basi jua lina sodiamu. Msomi hakuhitaji kupanda mbinguni. Alihitaji kuijua sodiamu ya hapa duniani barabara, kisha akailinganisha na nuru iliyomfikia.

Habari hizo zilimfikia Huggins mwaka wa 1862, zikawa kwake kama maji kwa mwenye kiu. Jirani yake alikuwa William Allen Miller, profesa wa kemia katika King's College ya London, aliyekuwa amechunguza rangi za miali kwa miaka mingi. Huggins alimwomba washirikiane kuuelekeza ujuzi huo kwa nyota. Miller alisita kwanza, kwani nuru ya nyota ni hafifu mno ikilinganishwa na ya jua, lakini hatimaye akakubali. Mmoja alileta darubini na ustahimilivu, mwingine akaleta kemia. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kabla ya kudai chochote kuhusu nyota, ilibidi Huggins azijue vyema metali za duniani. Alizichoma kwa cheche za umeme moja baada ya nyingine na kuchora ramani za mistari yake. Chumba cha darubini kikageuka kuwa maabara. Palikuwa na betri zilizotoa mvuke mkali, koili za umeme, taa za Bunsen, mirija ya gesi na safu za chupa za kemikali. Wakati wa usiku nuru ya nyota iliingia katika chombo kwa upande mmoja, na nuru ya cheche ikaingia kwa upande wa pili, hivi kwamba jicho liliona mistari ya nyota na mistari ya chuma cha kawaida sambamba. Kwa njia hiyo wawili hao walitangaza mwaka wa 1864 kwamba nyota kama vile Aldebaran zina sodiamu, magnesi, kalsiamu na chuma. Vitu vya huko juu vikawa ni vitu vile vile vya hapa chini.

Mwaka huo huo, usiku wa tarehe 29 Agosti, Huggins alielekeza chombo chake kwenye nebula moja iliyo katika kundi la nyota liitwalo Joka. Wataalamu walikuwa wamebishana kwa muda mrefu kama nebula ni lundo la nyota zilizo mbali sana au ni gesi tupu. Alitazamia kuona upinde wa rangi. Badala yake aliona mstari mmoja tu wa kijani uliong'aa, akadhani kwamba chombo kimekwenda upande. Alipotazama tena aliona mistari mingine miwili iliyo hafifu zaidi. Ubishi wa miaka mingi ulikwisha pale pale kuhusu nebula ile, maana nuru ya namna hiyo hutolewa na gesi.

Lakini mstari ule mkuu wa kijani haukulingana na kitu chochote kilichokuwa maabarani. Baada ya miaka kadhaa wataalamu walikisia kwamba umetokana na elementi isiyopatikana duniani, wakaipa jina la nebuliamu. Jina hilo lilitumika hadi mwaka wa 1927, Mmarekani Ira Bowen alipoonyesha kwamba ile ni oksijeni ya kawaida iliyopokonywa elektroni mbili, ikiwa katika hali nyembamba kupita kiasi. Elementi ya nebuliamu haikuwako kamwe. Sisi wa taaluma ya lugha tunaujua vyema mtego huu. Kukipa kitu jina si kukijua.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nimchague Huggins miongoni mwa wengi. Mwaka wa 1864 Mtaliano Giovanni Battista Donati alikuwa ameona kanda tatu zenye kung'aa katika nuru ya nyota ya mkia, yaani kometi, lakini hakujua zimetoka wapi. Mwezi wa Juni mwaka wa 1868 ilitokea kometi ya Winnecke. Huggins aliona kanda tatu pia, akakumbuka kwamba alikuwa amewahi kuziona kanda kama hizo maabarani mwake alipopitisha cheche za umeme katika vitu vyenye kaboni. Hakuridhika na kumbukumbu. Alichukua gesi ya ethilini, ambayo ni muungano wa kaboni na hidrojeni, akaipitishia cheche huku kometi ikiwa mbele ya darubini, akalinganisha. Kanda zilikaa mahali pamoja. Kwa mara ya kwanza kaboni ilikuwa imetambuliwa katika kometi. Leo tunajua kwamba kanda zile hutolewa na molekuli ya atomi mbili za kaboni zilizoshikana.

Mwaka wa 1875 Huggins alimwoa Margaret Lindsay Murray, mzaliwa wa Dublin, aliyekuwa amejifunza makundi ya nyota tangu utotoni. Mume alikuwa na umri wa miaka 51 na mke 27. Dunia ya wakati ule ilimwona bibi huyu kama msaidizi wa mumewe, lakini madaftari yao ya kazi yanaonyesha kwamba alikuwa mtafiti kamili. Yeye ndiye aliyetia nguvu kazi ya kupiga picha za nuru ya nyota, na picha ina fadhila ambayo jicho halina, kwani hukusanya nuru hafifu kwa saa nzima na haisahau.

Mwezi wa Juni mwaka wa 1881 kometi kubwa iliyogunduliwa na John Tebbutt wa Australia iling'aa angani. Picha iliyopigwa Tulse Hill ilionyesha, katika upande wa urujuani, kanda za sianojeni, muungano wa kaboni na nitrojeni. Pamoja na hizo palikuwa na alama nyingine, karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 405, ambayo haikulingana na lolote. Alama hiyo iliandikwa na kuchapishwa pamoja na nyingine, ikaachwa ingoje. Msomaji na aikumbuke.

Heshima zilimjia Huggins kwa wingi. Alipewa cheo cha Sir mwaka wa 1897, na kuanzia mwaka wa 1900 hadi 1905 alikuwa rais wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza. Mtu aliyekosa chuo kikuu akawa mkuu wa wasomi. Hata hivyo, haifai kumsifu mtu tukaficha upungufu wake. Mwaka wa 1902, akiwa rais, chama hicho kilikataa kumpokea mwanafizikia Hertha Ayrton kwa sababu alikuwa mwanamke aliyeolewa. Nyumbani mwa rais mwenyewe palikuwa na mwanamke aliyeolewa ambaye jina lake lilikuwa limechapishwa kando ya la mumewe katika atlasi yao ya nuru za nyota ya mwaka wa 1899. Chama kiliwapokea wanawake wa kwanza mwaka wa 1945.

Huggins alifariki tarehe 12 Mei mwaka wa 1910. Wiki hiyo dunia nzima ilikuwa ikizungumzia kometi ya Halley. Sianojeni ilikuwa imetambuliwa katika kometi hiyo, na kwa kuwa ni gesi ya sumu na dunia ilikuwa karibu kupita mkiani, watu wengi katika nchi za Magharibi waliingiwa na hofu. Wengine waliziba madirisha, na walaghai wakauza vidonge vya kinga. Siku ya kupita ilifika, wiki moja baada ya kifo chake, na hakuna aliyedhurika. Mkia wa kometi ni mwembamba mno. Chombo cha kutambua gesi kilikuwa kimeenea ulimwenguni, lakini elimu ya kupima uzito wa habari zake haikuwa imeenea pamoja nacho. Margaret alimfuata mumewe mwaka wa 1915.

Je, ile alama ya nanomita 405? Ilingoja miaka 70. Mwaka wa 1951, mjini Ottawa, Kanada, mwanafizikia Alexander Douglas aliizalisha maabarani, na kwa kutumia kaboni ya kawaida pamoja na kaboni iliyo nzito kidogo akathibitisha kwamba inatoka kwa molekuli ya atomi tatu za kaboni zilizojipanga katika mstari mmoja. Huo ni mnyororo wa kaboni, ulio mfupi. Mnamo mwaka wa 2001 watafiti walitangaza kwamba wameiona molekuli hiyo hiyo mbali zaidi ya kometi, katika mawingu membamba yaliyotanda kati ya nyota na nyota.

Minyororo mirefu zaidi ilikuwa imekwisha kupatikana kwa njia ya redio. Molekuli ikizunguka kama pia hutoa mawimbi ya redio ya masafa yaliyo yake peke yake. Katika miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Sussex nchini Uingereza, Harold Kroto na wenzake waliitengeneza molekuli yenye kaboni tano zilizofuatana kama shanga katika uzi, hidrojeni ikiwa ncha moja na nitrojeni ncha ya pili. Aliyeitengeneza kwa mikono yake alikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Masafa yake yalipopimwa, yalipelekwa Kanada, na darubini ya redio ya Algonquin ikaisikia molekuli hiyo katika wingu lililo karibu na kitovu cha kundi letu la nyota. Baadaye ziliongezwa molekuli za kaboni saba na tisa, zikapatikana katika wingu jeusi lililo upande wa kundi la nyota la Fahali. Aldebaran imo katika kundi hilo, nyota ambayo Huggins aliichunguza zaidi ya miaka mia moja kabla. Wingu lenyewe liko nyuma yake kwa mbali sana.

Kroto hakuishia hapo. Mwaka wa 1985, akitaka kujua jinsi minyororo ya kaboni inavyoundwa kandokando ya nyota, alikwenda Houston, Marekani, kufanya majaribio na Robert Curl na Richard Smalley. Katika kuitafuta minyororo waliangukia molekuli ya kaboni 60 iliyoviringana kama mpira wa miguu. Mwaka wa 1996 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mwaka wa 2015 maabara moja ya Basel, Uswisi, ilithibitisha kwamba molekuli hiyo, ikiwa imepoteza elektroni moja, imo miongoni mwa nyota. Kila mara hadithi ni ile ile. Anga hutoa herufi, na maabara hufundisha kuisoma.

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumza na walimu wenzangu. Katika shule ya upili niliyosomea, mche wa kioo ulikuwa ndani ya kabati lenye kufuli. Kwa miaka minne tuliutazama kupitia mlango wa kabati. Tuliuchora ubaoni na daftarini, tukazikariri rangi saba kwa mpangilio wake, na nilipata alama nzuri katika swali hilo la mtihani. Lakini sikuwa nimewahi kuiona nuru ikigawanyika mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimekariri jina, kama wale waliokariri nebuliamu. Mara ya kwanza kuona ishara ikichambuliwa katika sehemu zake nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, tena ilikuwa sauti, si nuru. Sijutii kuwa mwanaisimu. Najiuliza tu ni wangapi kati ya wale tuliosoma pamoja ambao hawakuchagua kuiacha sayansi, bali hawakuwahi kuonyeshwa ilipo.

Najua nitajibiwa kwamba vifaa ni ghali, na kwamba Huggins alikuwa mtu mwenye mali. Ni kweli. Fedha za hariri ndizo zilizonunua lenzi. Lakini kilichomfanya atambue kaboni katika kometi hakikuwa lenzi peke yake, kwani wengine walikuwa na lenzi. Ni kwamba alikuwa amekwisha kuichoma kaboni kwa mikono yake na kukumbuka sura ya nuru yake. Sehemu hiyo ya elimu haihitaji utajiri. Boksi la katoni lenye ufa mwembamba upande mmoja na kipande cha sahani ya CD iliyotupwa upande wa pili hutosha kuigawanya nuru ya taa. Mwalimu awakataze wanafunzi kukielekeza kwenye jua, kisha awaachie.

Waanze na jiko la gesi. Katikati ya ndimi zake kuna koni ndogo ya rangi ya samawati yenye ukijani. Wakiitazama gizani kupitia boksi lao, wataona kwamba kijani hicho kimejikusanya katika kanda. Hizo ni kanda za atomi mbili za kaboni, zile zile ambazo muuza hariri wa London alizilinganisha na kometi mwaka wa 1868. Kisha mwalimu anyunyize chembe za chumvi, na sodiamu ijitokeze kwa manjano yake. Baada ya hapo, swali la mtihani kuhusu nyota litakuwa linawauliza jambo walilokwisha kuliona kwa macho yao.